Birago Hapendi Baridi

Mjini Kumasi ukiulizia ofisi ya Yaw Asiama kwa jina lake la kibao, watu watakutazama tu. Jina lenyewe refu mno. Lina wakala ndani yake, lina jiji, lina matumizi bora ya nishati, na mwishoni kabisa wamebandika uendelevu. Aliyelitunga bila shaka alikuwa ameshiba. Wewe ulizia ofisi ya Zima Taa. Hata muuza maji atakupeleka mpaka ngazini, juu ya duka la vitambaa vya msiba, na njiani atakusimulia habari za Asiama ambazo hukumuuliza.

Maana Zima Taa wa kwanza si ofisi, ni Asiama mwenyewe. Aliianza kazi hiyo ndevu zikiwa nyeusi tii. Kazi yenyewe ni kuingia kwa watu: saluni, makanisani, kwenye migahawa ya fufu, kwa mafundi cherehani. Anawaambia, balbu hii inakula umeme, badilisha. Mpira wa friji umelegea, baridi yote inatoka nje. Pasi usiiache inawaka ukaenda kupiga soga. Watu wanamwitikia vizuri, ndiyo baba, tumesikia baba, na akigeuza mgongo wanawasha tena. Wanawake wa sokoni wakimwona kwa mbali walikuwa wanapigiana kelele: "Jamani, Zima Taa huyo! Zimeni hata macho!"

Zamani alikuwa anacheka nao, anawarudishia utani. Miaka ilivyokwenda akawa anainua mkono tu, anapita. Magoti yalikuwa yanamsumbua, na maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemchosha kuyasikia. Nani asingechoka? Jaribu wewe kumwambia mtu neno moja lilelile kila siku, ambalo hakatai wala hafuati, uone utafika wapi.

Mkewe, Birago, alimpata kwa kazi hiyohiyo. Birago alikuwa mwoka mikate mtaa wa Bantama, ana tanuri la udongo nyuma ya nyumba. Ofisi ilikuwa imemtuma Asiama kuzungukia matanuri yanayokula kuni nyingi. Akafika pale kijana, shati limepigwa pasi, akaanza kumweleza kwamba tanuri lake lina nyufa, joto linapotea.

"Linapotea kwenda wapi?" Birago akamuuliza.

"Linatoka tu nje, dada. Linapotea bure."

"Halipotei," Birago akasema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza kwenye tanuri. "Mimi hapa ndiye ninayeliota. Au limekupunguzia nini wewe?"

Asiama alinunua mkate akaenda zake. Kesho yake akarudi akanunua mwingine, na wala hakuwa mtu wa mikate.

Huyu Birago baridi hakuiweza. Wengine wanaogopa nyoka, wengine wanaogopa wakwe, yeye aliogopa baridi. Ukianza ule msimu wa upepo mkavu na vumbi la kutoka jangwani, asubuhi zinapopoa, yeye alikuwa anavaa sweta lake la kijani, na soksi, na kitambaa kichwani, halafu anakunywa uji wa mtama wenye tangawizi mpaka machozi yanamtoka. Nyumbani kwa Zima Taa hapakuwa na feni hata moja. Watu walisema ubahili wa umeme huo, mtu gani huyu. Hawakujua kuwa ni mke.

Sasa nisikilizeni habari ya mashine, maana ndiyo iliyokuja kumgeukia Asiama mwenyewe.

Huku kwetu mtu akifa hazikwi upesi. Ukoo unampeleka mochwari kwanza, ndipo mashauri yanaanza: nyumba ya ukoo ipakwe rangi, aliye Ulaya aombe likizo, vitambaa vishonwe, Jumamosi ipatikane. Marehemu anasubiri. Zamani lakini kulikuwa na kitu cha kuwaharakisha watu. Mochwari ya hospitali ya mtaa ilikuwa na mashine kuukuu, inakula umeme wa mtaa mzima, na umeme ukikatika nayo inakata. Hakuna ukoo uliotaka kubahatisha. Walijadiliana majuma mawili matatu, wakazika.

Asiama ndiye aliyeishikia bango mashine hiyo. Aliandika, alibembeleza, alikaa kwenye mabenchi ya wakubwa mpaka suruali zikang'aa makalioni. Mwisho wake ikaja mpya: kuta nene, mlango unaofunga kisawasawa, na juu ya paa vioo vya kunasa umeme wa jua. Umeme ulipungua kweli. Pale kwenye kiwanja cha hospitali palitandikwa viti, ngoma ikapigwa, Asiama akasimama akawaeleza watu kwamba mashine hii haizimi hata jiji zima likiwa gizani. Akapewa saa ya ukutani. Katika kazi zote alizofanya maishani, ni hiyo moja tu iliyofika mwisho kama alivyotaka.

Basi watu wakazingatia. Kama baridi haikatiki, haraka ya nini? Ukoo uliokuwa ukizika baada ya majuma ukaanza kungoja miezi. Aliye Ulaya akaambiwa asiwe na wasiwasi, aje akipata nafasi. Hospitali ikaongeza chumba cha pili, kikajaa, ikaongeza cha tatu. Umeme wote aliouokoa Asiama ukarudi palepale mochwari na ukaongezeka. Ofisi ilipoona hivyo ikamtuma tena, safari hii kwenye nyumba za misiba, akawaambie watu: zikeni mapema, shughuli fanyeni baadaye.

Looh! Hiyo kazi usimwombee hata adui. Unaingia kwa watu macho mekundu, hujakaa sawasawa, unaanza kuwaeleza habari ya umeme. "Yaani wewe hata wafu wetu unataka kuwazimia?" mzee mmoja alimwambia. Kwingine alimwagiwa maji ya kuoshea vyombo. Alirudi nyumbani amelowa, na Birago akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamkalisha kando ya tanuri akauke, akamkatia mkate wa moto.

Mwaka aliougua Birago, tanuri walikuwa wanaliendesha wasichana wake aliowafundisha. Yeye alikuwa anatandikiwa mkeka kando yake, ameelekea kwenye joto. Mchana mmoja Asiama alikuwa amekaa naye hapo, anamlisha supu.

"Yaw."

"Naam."

"Usije ukaniweka kwenye ile mashine yako."

"Utapona, Birago."

"Sikukuuliza habari ya kupona. Nimesema usiniweke. Mimi baridi siwezi, unanijua."

"Sitakuweka."

"Sema tena."

"Sitakuweka. Wallahi ningekuwa Mwislamu ningekuapia."

Birago akacheka kidogo, akafungua kinywa apewe supu.

Hapo ndipo Asiama alipokosea, na ni kosa ambalo mtu mzima wa Kumasi hatakiwi kulifanya. Kwetu mke ni wako akiwa na pumzi. Akifa ni wa ukoo wake, upande wa mama yake. Wao ndio wenye maiti, wao ndio wenye tarehe. Mume kazi yake kununua sanduku na kulia. Asiama hakufundishwa hilo ukubwani, amezaliwa amelikuta. Amewahi hata kuwaambia wajane wa watu, mimi sina la kufanya, nendeni kwa mkuu wa ukoo. Lakini mtu aliyeshikwa mkono na mkewe mgonjwa hutoa hata asichokuwa nacho.

Birago alikufa asubuhi ya Jumatano, msimu wa vumbi ndio unaanza. Wapwa zake walifika na gari Asiama hajavaa hata viatu. Walimbeba, wakamfunika, wakampeleka kulekule. Sweta la kijani likabaki kwenye kiti.

Kikao kilikaliwa nyumba ya ukoo wa Birago. Mkuu wa ukoo ni Mjomba Nkansa, mdogo wa mama yake Birago, dereva wa malori mstaafu, mtu wa haki ila kichwa chake kigumu kama jiwe la kusagia. Kando yake Fosuaa, mdogo wake Birago, muuza vitambaa, mwenye ulimi ambao hata mashemeji wanaomtania huupisha. Maneno yalikuwa yamekwisha kuzungumzwa kabla Asiama hajafika. Nyumba ipakwe rangi. Kaka yao Boakye yuko Hamburg, likizo yake Pasaka. Basi ni baada ya Pasaka.

"Mkwe naye kama ana neno, aseme," Mjomba Nkansa akasema, kwa adabu tu.

Asiama akasimama. Alikuwa hajalala tangu Jumatano. Neno lake lilikuwa moja: nilimwahidi. Alikuwa amelibeba njia nzima. Akafungua mdomo, na ulimi ukaenda pale ulipozoea kwenda.

"Wazee wangu, ningewaomba tufikirie kuzika mapema, shughuli tukaifanya baadaye. Maiti kukaa muda mrefu kunatumia umeme mwingi ambao..."

Alilisikia mwenyewe neno lake. Akanyamaza katikati, lakini lilishatoka. Kule nyuma mtu akacheka puani, na mwingine akasema taratibu, "Zima Taa!"

"Shemeji!" Fosuaa alikuwa amesimama. "Dada yangu hata juma hana, wewe umeshatuletea semina?"

"Fosuaa, sivyo nilivyotaka..."

"Umekuja na fulana za ofisi pia? Tugawie basi! Umekuja na balbu?"

"Aliniambia mwenyewe. Aliniomba asiwekwe kwenye baridi."

"Alikuambia wapi? Mbele ya nani?"

"Tulikuwa wawili."

"Mlikuwa wawili!" Fosuaa akawageukia watu. "Mnasikia? Walikuwa wawili!"

Mjomba Nkansa akainua mkono, watu wakanyamaza. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mkwe, miaka yote hii unaingia nyumba za watu na maneno hayo. Mshahara wako ndio huo, sikulaumu. Lakini mpwa wangu hatakuwa tangazo la ofisi yako. Na sijui unaogopa nini. Si mashine yako hiyo? Si wewe uliyesimama pale kiwanjani ukatuambia haizimi hata jiji likiwa gizani? Tulikuamini. Wala hatukumpeleka kwa mtu mwingine, tumemweka kwako."

Asiama akakaa. Bibi mmoja karibu naye alinong'ona, "Mkuki kwa nguruwe," hakumalizia, na wala haikuhitaji. Asiama hakuwa na nguvu hata ya kukasirika. Alikuwa amesema neno hilo mara nyingi mno kwa ajili ya mshahara, na siku alipolihitaji kwa ajili yake mwenyewe halikuwa na thamani tena mdomoni mwake.

Kazini walimpa pole. Mkubwa wake alikuwa Madamu Dzifa, mwanamke kijana wa kutoka mji wa Ho, mchapakazi, hana ubaya wowote. Alimwita ofisini, akamvutia kiti.

"Mzee, pole sana tena. Kweli nimeumia. Halafu nilikuwa nafikiria. Familia wakikubali kuzika mapema, tungeweza kupiga picha chache tu. Kwa heshima. Watu wanasema tunawahubiria wengine. Wakiona na sisi wenyewe..."

"Hawajakubali, Madamu."

"Basi wakikubali."

Asiama akamtazama. Huyu bado hajawahi kuzika wake, aliwaza, na akamwombea achelewe kuzika.

Ikawa mchana, wenzake wanapoenda kula, yeye anashuka ngazi anaenda mochwari. Mlinzi wa pale ni Issaka, mtu wa mtaa wa Zongo, kwa Waislamu, mpole, mikono yake inanuka dawa hata akiosha. Siku ya kwanza Asiama aliomba aingie.

"Siwezi, mzee wangu," Issaka alisema. "Bila mtu wa ukoo siwezi. Ningekuwa naweza ningekwisha kufungua."

"Najua."

"Sisi kwetu angekuwa amepumzika tangu Jumatano ileile, alasiri."

"Najua, Issaka."

"Sikusemi, mzee."

"Najua."

Akazunguka nyuma ya jengo, kwa kukosa pa kwenda tu. Kule ndiko kulikofungwa mapangaboi ya mashine, yanazunguka nyuma ya wavu wa chuma. Asiama aliyachagua mwenyewe. Akasimama mbele yake na upepo ukampiga magotini, wa moto.

Nyinyi mnaotumia friji huenda hamjawahi kujiuliza. Asiama alikuwa amewaeleza watu jambo hilo mpaka sauti ikamkauka: baridi haitengenezwi. Hakuna kiwanda cha baridi. Mashine kazi yake ni kulichota joto lililomo ndani na kulitupa nje, basi. Ndani panapobaki bila joto ndiyo tunapaita baridi. Alikuwa anayasema hayo bila kuyafikiria. Sasa joto lenyewe lilikuwa linampiga miguuni, na alijua limetoka kwa nani.

Palikuwa na tofali la saruji kando ya ukuta. Akakaa. Vumbi la jangwani lilikuwa limefunga mbingu, jua limekuwa jeupe, watu wanapita wamejikunyata. Yeye alikaa kwenye ule upepo wa moto mpaka saa ya kazi ikafika, na magoti yake kwa mara ya kwanza tangu msiba hayakumuuma. Hilo likamuuma zaidi.

Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Hakuwa analia. Alikuwa anakaa tu. Issaka akamletea kigoda na chai, hakumuuliza neno. Lakini Kumasi mji mkubwa kwenye ramani tu. Haukupita muda maneno yakafika sokoni: mume wa Birago kachanganyikiwa, anashinda mochwari. Wengine wakasema anahesabu umeme. Wengine wakasema anangoja walinzi wasinzie aizime mashine, maiti ziharibike, watu wazike kwa nguvu. Si Zima Taa huyo?

Hili la mwisho, niseme kweli, lilikuwa limempitia kichwani. Swichi aliijua ilipo. Lakini mle ndani kulikuwa na mama za watu.

Fosuaa akaja siku ya soko, mchana kweupe, amevaa nyeusi na kitambaa chekundu kichwani. Alikuwa anatembea kwa hasira, vumbi linamfuata.

"Shemeji, inuka hapo!"

Asiama hakuinuka.

"Inuka nakuambia! Unatutia aibu. Nakaa dukani kwangu watu wananiuliza, eti shemeji yako anakula nini, mbona anashinda kwa wafu? Unataka tuseme nini? Tuseme ukoo wetu umekunyima mke?"

"Si mmeninyima," Asiama akasema bila ukali.

"Usinijibu hivyo! Unafanya nini hapa?"

"Naota moto."

"Nini?"

"Weka mkono." Alionyesha ule wavu. "Weka tu, hauumi."

Fosuaa alimtazama kwanza aone kama kweli amerukwa na akili. Kisha kwa kukerwa tu akaunyoosha mkono. Upepo wa moto ukamjaa kiganjani, ukapeperusha mkono wa gauni.

"Sasa? Mashine inatoa moto. Mashine zote zinatoa moto."

"Haitoi wa kwake. Inatoa wa ndani."

"Wa ndani wapi?"

"Wa kwao. Inawatoa joto, inalitupa huku. La kwao likiisha inatoa linaloingia mlangoni na ukutani, lakini siku ile ya kwanza, Fosuaa, siku walipomleta, wa kwanza kutoka hapa ulikuwa wa kwake. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nyumbani natafuta viatu." Akatazama chini. "Alikuwa anaegemea tanuri, mimi na yeye hatujajuana hata siku moja, nikamwambia joto linapotea. Akaniambia halipotei, yeye ndiye anayeliota. Sasa nimekaa hapa nisiliache lipotee bure. Ndiyo ninachofanya. Waambie hivyo hao wa dukani."

Fosuaa hakuuondoa mkono. Alisimama hivyo muda, mkono kwenye wavu, na uso wake ukaanza kulegea.

"Tulikuwa tunalala mkeka mmoja," akasema. "Miguu yake alikuwa ananibandika mgongoni. Ya baridi! Nilikuwa nampiga. Nilikuwa namwambia, wewe si mtu, wewe ni samaki, na alikuwa haitoi." Akashindwa. Akakaa palepale chini kwenye vumbi na nguo zake za msiba, akalia kwa sauti, mpaka Issaka akachungulia na kurudi ndani.

Alipopata pumzi akamgeukia Asiama, na hasira ikarudi. "Kwa nini siku ile hukusema hivi? Mbele ya watu wote wale! Kwa nini ulisema umeme?"

"Ndiyo maneno niliyo nayo, shemeji. Nimeyasema muda mrefu mno. Mengine yote pale nyumbani alikuwa anayasema yeye."

Fosuaa akafuta uso kwa kile kitambaa chekundu, akajipangusa, akaondoka bila kuaga.

Alichomwambia Mjomba Nkansa sikukisikia chote, ingawa mtaa mzima ulisikia nusu. Kilichosikika hata kwa wapaka rangi juu ya ngazi ni hiki: "Boakye ataikuta shughuli! Kaburi si keki kwamba litaisha kabla hajafika! Na kama ni midomo ya watu, mimi ndiye nitakayewajibu, kwani lini nilishindwa?" Mjomba alinguruma, akagoma kula, akasema wanawake wa siku hizi wameota pembe. Lakini alikuwa amemlea Birago tangu hajaota meno ya mbele, na ni yeye aliyemnunulia lile sweta. Hilo Asiama hakuwa analijua.

Jioni Mjomba akaja mwenyewe kwa Asiama, hakukaa.

"Mkwe. Jumamosi hii tunazika. Shughuli Pasaka, Boakye akiwepo. Lete sanduku."

"Ahsante, mjomba."

"Usinishukuru. Nina sharti. Siku hiyo nisimwone mtu wa ofisi yako. Fulana, picha, hotuba, nisione. Mpwa wangu anazikwa kwa sababu anasikia baridi. Si kwa sababu nyingine."

"Nimesikia."

Kesho yake alimweleza Madamu Dzifa. Uso wa yule dada ukachangamka mara moja, masikini, na mkono ukaenda kwenye simu. "Mzee, hiyo ni habari kubwa. Hata picha moja tu, kwa mbali..."

"Madamu, Jumamosi nikimwona mtu na fulana yetu," Asiama akasema, "nitamzima."

Dzifa aliishusha simu. Baadaye akamletea mchango wa ofisi kwenye bahasha, na Jumamosi akaja peke yake, amevaa nyeusi, akasimama nyuma kabisa.

Asubuhi ya siku hiyo vumbi lilikuwa zito na baridi inachoma masikio. Fosuaa alikuwa ameamka mapema akawasha tanuri la Birago, akachemshia hapo maji ya kumwoshea, akayabeba kwenye ndoo zilizofunikwa mablanketi yasipoe. Wanawake wa ukoo wakajipanga kwenye chumba cha kuoshea. Mume hana kazi mle. Lakini Asiama alikuwa amesimama mlangoni na sweta la kijani mkononi, na Fosuaa akawaambia wenzake wampishe.

Issaka akamleta Birago, akamlaza, akatoka nyuma nyuma.

Hakuwa amebadilika. Mashine ilikuwa nzuri, kama Asiama alivyosema mwenyewe kiwanjani. Asiama alikaa kando yake, sweta akaliweka mapajani, akautoa mkono wake Birago kwenye shuka, ule mkono wa kukandia unga, akauweka katikati ya mikono yake miwili. Akaufikicha taratibu, akaupulizia pumzi kwenye vidole, akaufikicha tena. Wanawake wakatazamana. Mmoja akaanza kuimba, akaacha.

"Shemeji," Fosuaa akasema kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake, "inatosha sasa. Tuachie tumwoshe. Maji yatapoa."

"Ningojeeni kidogo," Asiama akasema. "Bado ana baridi."

Wakamngoja.